Waliokula Juu ya Kitamine

Siku hiyo adhuhuri Mersina alimkaribisha chakula mtu ambaye hakuwepo, na mtu huyo akashukuru.

Walikuwa wanne ndani ya boti. Mersina mwenyewe, mshika injini na mpishi. Mumewe Ropich, kiongozi wa wazamiaji. Kaka yake Tosiwo, mwenye boti na mwenye nyumba ya wageni. Na mkaguzi aliyetoka Brisbane, Bwana Fensom. Mersina alikuwa amepakua wali na samaki wa kopo kwenye sahani nne. Alipoinua sahani ya kwanza, aliona pembeni mwa jicho, upande wa bahari, kama mtu anapita. Hakumtazama. Nani humkodolea macho mpita njia? Mdomo wake ukasema wenyewe, kama unavyosema kila siku barazani kwake, "Njoo ule."

"Ahsante," ikajibu sauti, karibu kabisa na maji.

Mersina akageuka. Bahari ilikuwa tupu na imetulia. Hapakuwa na boti nyingine, wala mwogeleaji, na pwani ilikuwa mbali. Chini yao, mita thelathini na zaidi, ililala Kitamine, meli ya mizigo ya Wajapani iliyozamishwa wakati wa vita pamoja na watu wake.

"Nani kasema ahsante?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Si mimi," alisema Ropich. "Mimi hata sahani bado sijapewa."

"Gawa chakula, dada," alisema Tosiwo. "Mgeni ana njaa."

Kwetu kisiwani Tonoas, ukipita watu wanapokula, utaitwa. Sufuria iwe na samaki mzima au mfupa tu, utaitwa. Nawe utajibu, "Ahsante, nimeshiba," hata kama tumbo linanguruma mpaka jirani anasikia, na mambo yataishia hapo. Hakuna mtu mwenye adabu anayeishia kwenye "ahsante" peke yake. Anayeishia hapo amekubali. Mersina alijua hivyo alipokuwa anagawa sahani.

Tena hawakutakiwa kula pale. Tangu wazamiaji wa kigeni waanze kuja kwetu, boti zote huwatoa wageni kwenye meli zile na kuwapeleka ufukweni kula, kisha huwarudisha. Hakuna anayefungua sufuria juu ya maiti. Lakini Bwana Fensom alikuwa ameketi na fomu yake yenye maswali mia moja na arobaini, na swali la sitini na mbili lilihusu muda unaopotea kati ya mzamo wa kwanza na wa pili.

Huyo Fensom anastahili maneno machache, na hayo machache yatamtosha. Alitumwa na kitabu kinachowaambia wazamiaji wa dunia ni wapi pa kwenda na ni wapi watafia. Kila mahali hupewa ngao, kuanzia moja hadi tano. Alishuka uwanja wa ndege wa kisiwa jirani cha Weno siku ya Jumatatu na mifuko saba, na kufikia jioni alikuwa ameshapima urefu wa ngazi za gati, tarehe za makopo jikoni, na pumzi ya Tosiwo kama ina pombe. Alikuwa amejifunza neno moja tu la lugha yetu, nalo ni "baadaye". Mtoto akimsalimu, baadaye. Mama akimwonyesha kikapu alichosuka, baadaye. Alilisema akitabasamu, huku akitazama saa, na alijiona ameshakuwa mwenyeji.

"Kwa nini tuondoke hapa?" alikuwa ameuliza baada ya mzamo wa kwanza. "Dakika ishirini kwenda, ishirini kurudi. Kuna sababu ya kiusalama?"

"Ni desturi, bosi," alisema Ropich.

"Desturi si sababu ya kiusalama." Akaandika. Tosiwo alichungulia akaona kalamu inaelekea kwenye kisanduku cha "dhaifu".

"Tutakula hapahapa," alisema Tosiwo haraka. "Si lazima kwenda. Wazee tu ndio wanaopenda hayo."

Hivi ndivyo Tosiwo alivyo. Ungemwambia ngao moja itaongezeka akimvua marehemu baba yake sanda, angeuliza aanzie upande gani. Mersina angeweza kumkatalia, lakini mwanamke wa kwetu hambishii kaka yake mbele ya watu, na hasimami wima kaka yake akiwa ameketi. Hupita ameinama. Basi aliinama akafungua sufuria, na mengine yakafuata.

Waliposhuka mara ya pili, Ropich alihisi ladha ya wali mdomoni. Alidhani ni chakula alichokula. Kisha ikazidi, ikawa inakuja na kila pumzi kutoka kwenye mtungi wa hewa mgongoni, wali wa moto, na nyuma yake harufu ya mafuta mazito ya injini ya zamani. Alimtazama Fensom. Fensom naye alikuwa amekunja uso, akaandika kwenye kibao chake cha majini: *hewa ya mitungi ina harufu, kompresa ya kuijazia ichunguzwe.* Masikini. Angekutana na Ziraili angemuuliza leseni.

Ropich ana namna yake ya kuwaita wageni chini ya maji. Anagonga mtungi wake kwa chuma kidogo mara tatu, ko, ko, ko, na wageni wanajua maana yake ni njooni hapa. Walikuwa nje ya mlango wa chumba cha pili cha shehena, mahali ambapo mwanga wa jua unaishia, aliposikia ko, ko, ko ikitoka ndani. Chuma chake kilikuwa kinaning'inia mkononi. Fensom alikuwa kando yake. Ikagongwa tena, kwa upole, kama mwenyeji anayegonga ukingo wa sufuria kuwaambia watu chakula tayari, na Ropich, ambaye ameingia meli hiyo mara zaidi ya elfu na kutoka mzima, alijikuta anapiga mapezi kuelekea gizani bila kuwasha tochi, bila kutazama hewa, na moyoni anaona haya kwamba amechelewa.

Kilichomrudisha ni Fensom kumvuta mguu. Msidhani alimwokoa. Alimvuta ili amwonyeshe saa, kwamba muda wa mpango umekwisha na kiongozi hajatoa ishara ya kupanda. Hilo nalo aliliandika.

Jioni Mersina aliweka chakula mbele ya mumewe, shelisheli la kuchoma na samaki. Ropich alisukuma sahani.

"Sili," alisema.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimealikwa." Alisema kama mtu anayetaja harusi ya Jumamosi. "Siwezi kwenda kwa watu nimeshiba. Ni utovu wa adabu."

"Umealikwa na nani, Ropich?"

Alimtazama mkewe kwa mshangao. "Si wewe ndiye uliyemlisha? Mtu akila kwako, atakuita kwake."

Mersina aliketi chini. Aliliona jambo lote lilivyo, kwa sababu ni desturi yetu na hakuhitaji kufafanuliwa. Mdomo umeponza kichwa, na kichwa chenyewe ni cha mumewe.

Kesho yake sauti ilikuja nyumbani. Mitungi ya hewa imepangwa nyuma ya nyumba ya wageni, ukutani, ishirini na minne. Asubuhi, watu walipokaa kula, mtungi wa mwisho uligongwa mara tatu. Hakukuwa na mtu huko. Adhuhuri uligongwa wa kumi na tano. Mersina alipofunua sufuria ya wali aliyoijaza dakika chache kabla, aliikuta imekwanguliwa mpaka inang'aa, na chini yake kuna maji ya bahari kama vijiko viwili, na juu ya maji mafuta meusi yanayozunguka polepole ingawa hakuna aliyeitikisa sufuria. Alasiri, jua likiwa kali na kuku wanakwaruza ua kama kawaida, uligongwa mtungi wa kwanza, ule ulio karibu na mlango wa jikoni, na kila ulipogongwa Ropich aliinua kichwa, akapangusa midomo kwa kiganja, akatabasamu kwa adabu kama mtu aliyeitwa jina lake na bado hajamaliza kuvaa viatu.

Hakuwa amekula siku nzima. Hata maji hakugusa. Mashavu yalikuwa yameanza kuingia ndani, na alinuka mafuta ya injini kutoka kwenye ngozi, si kwenye nguo. Mersina alizifua nguo mara mbili na harufu ikabaki shingoni mwake. Alimkuta anajaza mtungi mmoja kwenye kompresa, mmoja tu.

"Wa nani huo?"

"Wa kwenda," alisema Ropich.

"Na wa kurudi?"

Alionekana hakuelewa swali.

Mersina alimfuata kaka yake. Alipita ameinama, akaketi chini kuliko yeye, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, Ropich asizame kesho. Kitamine inamwita. Nikimruhusu ashuke sitamwona tena."

Tosiwo alitazama mlango, kuhakikisha mkaguzi hasikii. "Kesho ndiyo siku ya chumba cha injini. Bila hicho hatupati ngao ya nne. Unataka nimwambie nini, dada? Kwamba kiongozi wangu amerogwa?"

"Mwambie anaumwa."

"Akiumwa, ataandika wafanyakazi wetu ni wagonjwa."

Fensom mwenyewe alikuwa ameshahisi kitu, maana hata jiwe huhisi jua. Alimwita Ropich barazani akamuuliza maswali ya ukurasa wa tisa. Analala saa ngapi? Anakunywa? Ana mawazo? Ropich alijibu yote vizuri, kwa upole, na mara moja tu, alipoulizwa kama ana njaa, alijibu kwa sauti isiyokuwa yake, sauti nyembamba ya mzee aliyelelewa vizuri: "Sana. Tangu zamani sana." Fensom aliandika: *mchovu kidogo, anafaa kazi.*

Basi Mersina alikwenda kwa Neifis.

Neifis anaishi upande wa pili wa kisiwa, na hakuna anayempenda. Ana dawa za ukoo wake, za majani na mafuta ya nazi, na ana ulimi unaokwangua kuliko mbuzi ya nazi. Alikuwa amelala mbele ya feni anatazama tamthilia ya Wakorea, na hakuizima.

"Bibi, nimekosa," alisema Mersina, na akaeleza yote.

"Juu ya Kitamine," alisema Neifis. "Mlifungua sufuria juu ya Kitamine."

"Kaka alisema."

"Kaka yako ana kichwa cha kuwekea kofia. Mimi nakuuliza wewe. Nani alikufundisha kumwita mtu usiyemtazama uso?"

Mersina alilia. Neifis alimwacha alie mpaka tangazo la biashara lilipofika.

"Sikiliza. Huyo si mwovu. Laiti angekuwa mwovu, ningemtukana akaondoka. Huyo ana adabu. Umemlisha, naye anakurudishia, na kwake hakuna cha kukupa ila nafasi ya kukaa nao huko chini. Mtu akialikwa na hataki, anasemaje?"

"Nimeshiba."

"Basi mumeo aseme."

"Atasema, bibi. Nitamwambia leo hii."

"Kwa tumbo tupu?" Neifis alicheka bila furaha. "Walio hai tunadanganyana, ndiyo maisha. Maiti humdanganyi. Anakuona mpaka utumbo. Mumeo ashibe kweli, hapo juu ya meli, akiitwa, ndipo aseme. Na yeyote atakayekuwa ndani ya boti naye ashibe aseme, maana mlango ukifungwa kwa mmoja atagonga kwa mwingine. Twanga shelisheli usiku huu, nyingi. Kesho nakuja. Niandalie mahali pa kukaa penye kivuli."

Alhamisi adhuhuri boti ilitia nanga juu ya Kitamine. Neifis alikuwa amekaa katikati, mnene, na kikapu mapajani, na chupa ya dawa. Fensom hakufurahi.

"Huyu mama hayumo kwenye orodha ya abiria," alimwambia Tosiwo.

"Ni shangazi yetu, bosi. Anapenda upepo."

Neifis aliuliza ni nini kinasemwa, akaambiwa. Alimtazama Fensom kuanzia miwani hadi viatu vya mpira. "Huyu ndiye anayepima hatari?" alisema. "Mpeni mjukuu wangu wa darasa la pili naye apime."

Ropich alikuwa ameshavaa. Alikaa ukingoni mwa boti amegeuzia maji mgongo, mtungi umefungwa tayari, miwani usoni, kidude cha kupumulia mdomoni, na mikono ameikunja mapajani kama mwanafunzi. Siku mbili za njaa zilikuwa zimemfanya mwepesi, suti ya mpira ilimpwaya. Ndipo ikagongwa. Safari hii haikugongwa mbali, wala haikuwa ya kusikika kwa mmoja; iligongwa chini ya sakafu ya boti, ko, ko, ko, sahani zikatikisika, na hewa ikajaa harufu ya wali wa moto na mafuta, na Ropich akaanza kulala chali taratibu kuelekea majini.

Mersina alisimama. Alisimama wima mbele ya kaka yake aliyeketi, kichwa chake juu ya kichwa cha kaka yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu avunje ungo, na Tosiwo aligeuza uso kama aliyeona mtu uchi. Alimshika mumewe kamba za mtungi akamvuta ndani. Alimtoa kidude mdomoni, akamega donge la shelisheli lililotwangwa kutoka kikapuni, akalisukuma kati ya meno.

Ropich alikaza taya. "Usinishibishe," ilisema ile sauti nyembamba ya mzee, ikitoka nyuma ya koo lake bila midomo kusogea. "Tafadhali, mama. Tumeshaweka nafasi yake."

"Mbane pua," alisema Neifis. "Hujawahi kumpa mtoto dawa?"

Mersina alimbana pua. Alimlisha donge la kwanza akalitema, la pili akalitema, la tatu likapita, na lilipopita mwili wake wenyewe ulikumbuka njaa yake, akaanza kula kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, anameza bila kutafuna, huku Neifis akimdondoshea mafuta utosini na kunong'ona maneno ya ukoo wake ambayo si yetu kuyaandika, na huku chini ya boti kugonga kukizidi, si mara tatu tena bali mfululizo, haraka, kutoka mbele hadi nyuma ya boti, mikono mingi na si mmoja, kama watu waliokaa mezani muda mrefu mno na mgeni wao anatajwa na haji, na Mersina akawa analisha tu, hatazami chini, hatazami maji, anatazama koo la mumewe likipanda na kushuka, mpaka fungu lake likaisha na Ropich akaegemea nyuma, akabeua.

"Sema," alisema Neifis.

"Nimeshiba," alisema Ropich, kwa sauti yake. "Mersina, nimeshiba jamani. Utaniua."

Kugonga kukakoma. Mersina alikaa chini akamshika mumewe shingoni, akainusa. Ilinuka jasho na nazi. Alianza kulia bila kujificha.

"Bado," alisema Neifis. Aligawa kilichobaki kikapuni. Yeye alikula, akasema. Mersina alikula, akasema. Tosiwo alikula kwa haraka kuliko wote, akasema mara tatu ili isionekane hakusema.

Kisha, ko. Mara moja tu, kwa heshima, chini ya miguu ya Bwana Fensom.

"Mwambieni ale ajibu," alisema Neifis.

"Bosi," alisema Tosiwo, akimsogezea donge, "kula mapande mawili matatu ya hii, ushibe, halafu useme umeshiba. Nakuomba. Ni jambo dogo."

Fensom alilinusa donge la shelisheli akalirudisha. Alikuwa ameona mtu anabanwa pua, anashindiliwa chakula na kupakwa mafuta, na alikuwa ameandika ukurasa mzima. "Sili chini ya saa mbili kabla ya kuingia chumba cha injini," alisema. "Ni kanuni. Ninyi pia mlipaswa kuwa nayo."

"Hatuzami leo, bosi. Kula tu."

"Mnadhani nini kipo huko chini?"

"Watu," alisema Ropich, amechoka. "Wanakualika. Wape jibu."

Fensom alitabasamu lile tabasamu la mtu mzima anayecheza duka na watoto. Kuonyesha kwamba hana ubaya na mila za watu, aliinama juu ya maji, akayapungia mkono, akasema kwa lugha yetu, na kwa matamshi mazuri zaidi ya yote aliyowahi kutoa, "Baadaye."

Hakuna aliyemgusa. Neifis alifunga chupa yake, akapangusa mikono kwenye nguo.

"Washa injini," alimwambia Mersina. "Mimi na huyu tumemalizana."

Ijumaa Fensom alipanda ndege na mifuko yake saba. Ripoti ilitoka baada ya wiki tatu: ngao tatu. Kompresa ilitajwa mara nne. Kiongozi mmoja alitajwa kuwa na matatizo ya kula. Kwenye sehemu ya hatari zisizo za kawaida aliandika: *hakuna*. Tosiwo aliibandika ukutani, kwa sababu tatu kwake ni nyingi.

Ropich alinenepa. Anawapeleka wageni kwenye meli nyingine, na Kitamine anaizunguka kwa mbali. Mersina alikaa muda mrefu bila kumwita mtu yeyote ale, mpaka majirani wakaanza kusema amekuwa mchoyo, na yeye akavumilia kusemwa.

Mwezi wa tatu baada ya ripoti Bwana Fensom alirudi. Hakuandika barua wala kuweka chumba. Mersina na Ropich walikuwa barazani wanakula magimbi adhuhuri walipomwona anakuja njiani kutoka gatini, peke yake, na mtungi mmoja wa hewa begani. Alikuwa amekonda hata mkanda wa suruali umezungushwa mara mbili. Hakuwa na fomu wala kalamu. Alitembea kama mtu aliyeoga na kuvaa vizuri kwenda mahali, na upepo ulipowaletea harufu yake, Ropich aliacha kutafuna.

Mersina alimdharau mtu yule kwa moyo wake wote. Alikumbuka wali juu ya Kitamine na ni nani aliyetaka uliwe pale. Alikumbuka pia namna mumewe alivyokuwa akipangusa midomo kila mtungi ulipogongwa. Akainuka na bakuli mikononi, akashuka ngazi hadi njiani, akasimama mbele yake, akamtazama usoni sawasawa ili asikosee ni nani anayemwita.

"Njoo ule," alisema. "Njoo ule kwetu, Bwana Fensom. Kula hadi ushibe. Hatuna haraka."

Fensom alisimama. Alilitazama bakuli kwa huruma, kama mtu anayeombwa kucheza na hana muda. Kisha akajibu kwa lugha yetu, sentensi nzima, bila kosa, kwa sauti nyembamba ya mzee aliyelelewa vizuri.

"Ahsante, mama. Nasubiriwa."

Akampita Mersina akiwa ameinama, kama sisi tunavyowapita watu, akashuka ufukweni upande wa pili, ambako boti ya kukodi ilikuwa inamsubiri. Ropich alimkimbilia. Alimshika mtungi, akatazama kipimo kwa mazoea ya kazi, na sindano ilikuwa imelala kwenye sifuri.

"Bosi, hauna hewa," alimwambia. "Huu hauna hewa kabisa."

Fensom aliutoa mtungi mikononi mwake taratibu, bila hasira, akauweka begani, akapanda boti.